Josephine Baker: mucheza-dansi mwenye filme ilimuondoa Paris, lakini yeye akabaki

Mu mwaka wa 1927, watu wa Paris waliingia mu sinema kuangalia musichana mweusi mwenye kujificha ndani ya meli. Anaitwa Papitou. Ametoka ku visiwa vya Antilles, hana tikiti, anamufuata muzungu mwenye anapenda. Kwa kukimbia huku na kule anaanguka mu makala ya meli, anatoka mweusi ti. Kisha anaanguka mu farini, anatoka mweupe pe. Wasafiri wanaogopa sawa wenye wameona zimwi, na mu sinema watu wanacheka. Filme yenyewe haikukuwa na sauti, juu wakati ule sinema ilikuwa haijajua kusema. Maneno machache yalikuwa yanaandikwa ku ekra, na mambo mengine yote muchezaji alipaswa kuyaeleza kwa mwili na kwa macho.

Kwa kazi ya mwili na macho, ule musichana hakukuwa na mwenzake. Jina lake ni Josephine Baker. Alikuwa na miaka 21, na miaka miwili tu mbele ya pale hakuna mutu mu Ufaransa mwenye alikuwa anamujua.

Ile filme inaitwa La Sirène des tropiques. Henri Étiévant na Mario Nalpas ndio waliitengeneza, na hadithi ilitoka kwa Maurice Dekobra, mwandikaji mwenye vitabu vyake vilikuwa vinauzishwa sana miaka ile. Tajiri mumoja wa Paris anataka kuoa musichana mwenye anapendana na injinia wake kijana. Kwa hiyo anamutuma injinia mbali, ku visiwa, akiwa na mupango kwamba asirudi. Kule injinia anamuokoa Papitou kwa mutu mubaya, na Papitou anamupenda. Wakati kijana anarudi Ulaya, anamufuata. Mu Paris wenye teatre wanaona namna anacheza dansi, wanamupandisha ku jukwaa, na muji wote unamupigia mikono. Lakini moyo wake uko kwa injinia. Mwishowe anamuokoa na kifo, kisha anaelewa kama kijana anapenda muzungu mwenzake. Papitou anawaachia fasi na kuondoka.

Tuseme ukweli: si filme kubwa. Hadithi inakimbia huku na kule, na muchezo wa makala na farini, kwa mutu mweusi mwenye anauangalia leo, unachekesha nusu na kuumiza nusu. Lakini Josephine alikuwa mumoja wa wanawake weusi wa kwanza mu dunia kupewa fasi ya kwanza mu filme ndefu. Kwao Marekani, mu filme kubwa mutu mweusi alikuwa anapewa kazi ya boyi ao ya kulea watoto, na mara nyingi hata ile kazi walikuwa wanaipa muzungu mwenye kujipaka rangi nyeusi ku uso.

Mumoja wa wasaidizi mu ile kazi alikuwa Muhispania kijana, Luis Buñuel, mwenye nyuma alikuwa mutengenezaji wa filme mwenye kujulikana dunia nzima. Mu kitabu cha maisha yake hakumusemea Josephine vizuri. Alieleza kama siku moja walimungojea tangu asubuhi, akafika jioni, akafunga mulango kwa nguvu na kuvunja chupa, yote hiyo juu imbwa yake ilikuwa mugonjwa. Inawezekana ni vile ilikuwa. Lakini inafaa kujua pia kama ule musichana alikuwa anacheza usiku ku Folies Bergère, kisha anaenda mu kabare yake mwenyewe yenye alikuwa amefungua mwisho wa 1926, na asubuhi watu wa filme wanamuhitaji. Na alikuwa anatumika mu luga yenye hakuwa amezoea bado.

Alizaliwa tarehe 3 mwezi wa 6 mwaka wa 1906, mu muji wa Saint Louis, mu jimbo la Missouri, Marekani. Jina lake la kuzaliwa ni Freda Josephine McDonald. Mama yake, Carrie, alikuwa anafulia watu nguo. Juu ya baba yake watu wanabishana mupaka leo. Nyumba ilikuwa ya njaa na baridi, na Josephine, sawa watoto wengine wa maskini wa pale, alikuwa anaenda kuokota makala ku reli ya treni. Wenye wanajua jambo hilo hawacheki sana wakati wanaona ile filme ikimuangusha mu makala.

Akiwa na miaka 8 hivi walimutuma kutumika mu nyumba za wazungu. Mu nyumba moja, bibi mwenye nyumba alimutia mikono mu maji ya moto juu alitia sabuni nyingi mu nguo. Alikuwa anaeleza hadithi ile mupaka uzee wake.

Na kuna ingine yenye hakusahau. Mwezi wa 7 mwaka wa 1917, ngambo ya muto Mississippi, mu East Saint Louis, wazungu walishambulia watu weusi, wakachoma nyumba zao na kuwaua mu barabara. Hesabu ya serikali ilitaja watu weusi 39 wenye kufa. Wengi wanaamini walipita 100. Watu walikimbia kwa daraja, wenye kubeba watoto na vitu vichache. Josephine alikuwa na miaka 11, upande wa muto wenye wale wakimbizi walikuwa wanakuja. Kwetu Kivu hatuhitaji kuelezwa mutoto anaona nini siku ya namna ile, na inabaki naye namna gani.

Masomo yalikatika mapema. Akiwa na miaka 13 aliozwa kwa mwanaume mumoja, ndoa ikavunjika upesi. Akiwa na miaka 15 aliolewa tena, na Willie Baker. Huyo naye hakukaa sana mu maisha yake, lakini jina lake ndilo Josephine alienda nalo dunia nzima. Kwa wakati ule alikuwa amekwisha kuingia mu makundi madogo ya muziki yenye kuzunguka muji kwa muji.

Alichotaka ni kucheza mu Shuffle Along, muchezo wa watu weusi wa Noble Sissle na Eubie Blake wenye ulikuwa unajaza teatre ya New York tangu 1921. Walimukatalia: bado mutoto, mwembamba sana, na ngozi yake, walisema, ni nyeusi kupita wale wengine. Wenye walisema vile walikuwa weusi wenzake. Basi akakubali kazi ya kuvalisha wacheza-dansi nguo, na kila usiku akawa nyuma ya pazia anashika hatua zao zote kichwani. Siku musichana mumoja alikosekana, alikuwa tayari. Walimutia mwisho wa mustari, na pale mwisho alianza kufanya mambo yake: anajifanya amesahau hatua, anapinda magoti, anageuza macho mupaka yanaangaliana, kisha mwishoni anacheza vizuri kuliko wote. Watu wakaanza kununua tikiti juu ya ule musichana wa mwisho wa mustari.

Mucheshi alizaliwa pale, mbele ya mucheza-dansi. Mu filme ya 1927 unaona macho yale yale na magoti yale yale. Alikuwa amekwisha kujifunza kama mutu mwenye kukuchekesha, hauwezi kumufukuza kwa urahisi.

Mu 1925 mwanamuke Mumarekani, Caroline Dudley, alikuja New York kutafuta wachezaji weusi wa kupeleka Paris. Josephine alipanda meli Berengaria pamoja na kundi la watu karibu 25. Kati yao kulikuwa Sidney Bechet, mupigaji wa klarineti mwenye muziki wa jazi haumusahau. Nyota ya kundi haikukuwa Josephine. Ilipaswa kuwa Maud de Forest, muimbaji wa blues. Lakini wakati walifika, wenye Teatre ya Champs-Élysées waliangalia muchezo na kuona kama haufai. Walikuwa wanataka «Afrika», na mbele yao kulikuwa Wamarekani wenye viatu vya kung'aa. Wakamuita Jacques-Charles, mutengenezaji wa michezo ya Moulin Rouge. Yeye ndiye aliongeza dansi ya «washenzi», akamuchagua Josephine na mwanaume mumoja, Joe Alex, wacheze karibu uchi, na manyoya ku mwili.

Kwa hiyo ile Afrika yenye Paris ilipenda kufa, ilishonwa mu Paris na Mufaransa, na ilichezwa na musichana wa Missouri mwenye hakuwa amewahi kukanyaga Afrika. Usiku wa tarehe 2 mwezi wa 10 mwaka wa 1925, wakati pazia ilifunguka ku La Revue Nègre, watu fulani walisimama na kutoka kwa hasira. Wenye walibaki walipiga kelele mupaka wakachoka. Kesho yake, alikuwa mutu mwenye kujulikana.

Mwisho wa mwaka ule kundi lilienda kucheza mu Brussels pia, mbele ya kuendelea Berlin. Hapo sisi Wacongomani tuna sababu ya kusimama kidogo. Brussels ni ule muji wenye pembeni yake, ku Tervuren, mu mwaka wa 1897 Mufalme Léopold wa Pili alitia watu 267 kutoka Congo mu kijiji cha kuonyeshwa, sawa vitu vya maonyesho. Saba kati yao walikufa na kuzikwa kule. Kati ya ile siku na usiku wa Josephine kulipita miaka 28 tu, na wazee wenye kulipa tikiti mu 1925 wanaweza kuwa walilipa pia mu 1897. Tofauti ni moja, na si ndogo: Josephine alikuwa na mukataba, alikuwa na mushahara, na alikuwa anaweza kusema sitaki.

Na alisema hivyo. Mu Berlin akavunja mukataba na Caroline Dudley, akarudi Paris kwa Folies Bergère yenye ilimuahidi feza zaidi. Caroline Dudley alipata hasara kubwa, na hakuna namna ya kulipamba jambo hilo. Ku Folies Bergère, mu 1926, Josephine alivaa ule mukaba wa ndizi wenye hata watu wasiojua jina lake wanaujua. Alikuwa anacheza musichana anaitwa Fatou, mwenye anashuka ku muti wakati muzungu mpelelezi wa pori amelala. Wanaume wakamutumia barua za kumuomba ndoa kwa mafungu. Alitembea mu barabara za Paris na duma mwenye mukufu ku shingo, Chiquita. Mutu mumoja wa Sicilia, Pepito Abatino, akawa muongozaji wake: alimufundisha luga, namna ya kukaa ku meza, namna ya kusoma mukataba.

Je, ile ndizi ilikuwa aibu? Watu weusi waliulizana tangu wakati ule, na wanaulizana leo. Mimi ninaona vile: kazi walimupa ilikuwa ya kumucheka mweusi, na yeye aliicheza kwa kuvuka mupaka, kwa haraka na kwa uso wa kuchekesha mupaka haukujua tena nani anachekwa. Lakini hatupaswi kumutengeneza kuwa mutakatifu. Mu 1935, wakati Mussolini alikuwa anajitayarisha kushambulia Ethiopia, Josephine alisema wazi kama anamuunga mukono Muitalia, juu aliamini eti anaenda kumaliza utumwa kule. Ni kosa kubwa, na alilisema kwa mudomo wake mwenyewe.

Sinema yenye sauti ilipofika, ilimurudishia Papitou mara mbili. Mu Zouzou ya 1934, pamoja na Jean Gabin, anakuwa mufulaji wa nguo mwenye anapanda kuwa nyota, na Gabin anachukua musichana mwingine, muzungu. Mu Princesse Tam Tam ya 1935 anakuwa mulinzi wa mbuzi wa Tunisia mwenye wanamuvalisha sawa binti-mufalme; na mwisho anarudi kwao, muzungu anarudi kwa bibi yake. Filme tatu, na mu zote tatu anaruhusiwa kucheza dansi, kuchekesha, kuokoa watu, lakini si kubaki na mwenye anapenda. Nje ya sinema wazungu walikuwa wanamupenda na kumuoa, na dunia haikuanguka.

Mu 1936 alirudi New York kucheza mu Ziegfeld Follies. Magazeti ya kule yalimutendea vibaya sana, na mu hoteli zingine hakukuwa na chumba kwa mutu mweusi, hata kama ni nyota ya Paris. Ndani ya ule mwaka Abatino alikufa. Mwaka wenye ulifuata, tarehe 30 mwezi wa 11, Josephine aliolewa na Jean Lion, Mufaransa wa familia ya Kiyahudi, na kupata uraia wa Ufaransa. Ndoa haikudumu. Uraia alibaki nao mupaka kufa.

Kisha ikaja vita, na hapa wengi wanashangaa. Mu 1939 ofisa wa upelelezi wa jeshi la Ufaransa, Jacques Abtey, alitumwa kumuomba asaidie. Abtey mwenyewe hakukuwa na imani sana na wasanii. Josephine alikubali bila kuomba hata franga moja. Nyota yenye kualikwa mu ubalozi na mu karamu inasikia mengi, na hakuna mutu mwenye kumuzania. Kisha Ufaransa kuanguka mbele ya Wajerumani, mwisho wa 1940, alienda Lisbon akijifanya anaenda kuimba. Abtey alikuwa naye na jina la uongo, sawa sekretere wake. Habari za jeshi la Wajerumani zilikuwa zimeandikwa kwa wino usioonekana ku karatasi za nota za muziki. Zingine alizifunga kwa pini mu nguo zake za ndani. Ku mipaka, maaskari waliomba saini yake, hawakuomba kufungua masanduku.

Alifika Morocco mu 1941 na kuanguka mugonjwa sana. Alikaa mu kliniki ya Casablanca miezi karibu 19, wakamupasua mara na mara, mupaka gazeti moja la watu weusi wa Marekani likatangaza kama amekufa. Hata pale ku kitanda kazi iliendelea, juu wenye walikuja kumuona mugonjwa walikuwa wanabeba habari. Alipopona akaanza kuimbia maaskari, tangu Morocco mupaka Misri na Mashariki ya Kati, mu vumbi, bila kulipwa. Jenerali de Gaulle alimupa musalaba mudogo wa zahabu wa Lorraine. Akauuzisha kusudi feza ziende kwa Upinzani. Alimaliza vita akiwa ofisa mudogo mu jeshi la anga, akapata Medali ya Upinzani mu 1946, na nyuma Légion d'honneur na Croix de guerre.

Kisha vita aliolewa na Jo Bouillon, mukubwa wa okestra, wakanunua mu 1947 jumba la zamani lenye Josephine alikuwa amepanga miaka mingi, Château des Milandes, mu Dordogne. Yeye hakuwa na uwezo tena wa kuzaa. Tangu miaka ya 1950 walichukua watoto 12 kutoka inchi mbalimbali: Japani, Finland, Colombia, Côte d'Ivoire, Algeria, Venezuela na kwingine. Aliwaita Kabila la Upinde wa Mvua. Alitaka kuonyesha dunia kama watoto wa rangi zote na dini zote wanaweza kukua chini ya dari moja.

Kuonyesha: ndilo neno lenyewe. Watu walikuwa wanalipa kuingia Milandes, na watoto walikuwa sehemu ya yale yenye wageni walikuja kuona. Mwanamuke mwenye Ulaya ilimuangalia sawa kitu cha ajabu, naye alitia watoto wake mbele ya macho ya watu wa matembezi. Alifanya kwa nia njema, lakini watoto fulani, wakiwa wakubwa, walisema kama haikukuwa rahisi.

Marekani alirudi tena mu 1951, safari hii na masharti. Fasi yenye haitaruhusu weusi kukaa pamoja na weupe, haimbi. Mu kabare ya Miami yenye haikuwa inakubali weusi, walikubali. Chama NAACP kilitangaza tarehe 20 mwezi wa 5 kuwa siku ya Josephine Baker mu Harlem. Miezi michache kisha pale, mu Stork Club ya New York, walimukalisha bila kumuletea chakula. Hakunyamaza, akalalamika wazi, na mwandikaji mukubwa wa magazeti Walter Winchell akamugeukia na kumusingizia kuwa mukomunisti. FBI ilifungua dosie juu yake, mikataba yake ikavunjwa, na kwa miaka mingi viza ya Marekani ikawa vita.

Ndiyo maana ile siku ya tarehe 28 mwezi wa 8 mwaka wa 1963 ilikuwa na uzito kwake. Ku maandamano ya Washington, siku yenye Martin Luther King alitoa hotuba yake yenye inajulikana zaidi, Josephine alisimama mbele ya watu karibu 250 000, mumoja wa wanawake wachache sana wenye walipewa kusema. Alikuwa na miaka 57. Hakuvaa manyoya wala almasi. Alivaa uniforme yake ya jeshi la Ufaransa Huru, na medali zote ku kifua.

Nyuma yake Milandes ilikuwa inazama. Watoto 12, wafanyakazi, hoteli, bustani, wanyama, na mwenye nyumba mwenye hakujua kuhesabu feza. Jo Bouillon alikuwa ameondoka. Mu 1964 Brigitte Bardot aliomba Wafaransa ku televisheni wamusaidie. Feza zikaja, deni zikazimeza. Mu 1968 jumba likauzishwa kwa bei ya kutupa. Josephine alikataa kutoka, akajifungia mu jikoni. Mu 1969 wakamutoa kwa nguvu. Kuna picha yake ya siku zile: mwanamuke muzee anakaa ku ngazi ya mulango, kofia ya kulalia ku kichwa, blanketi ku magoti. Hakuna tofauti na mama yeyote mwenye huissier amemutupia vyombo inje. Grace Kelly, binti-mufalme wa Monaco, ndiye alimusaidia kupata nyumba ku Roquebrune, kando ya bahari.

Akarudi ku jukwaa, juu hakukuwa na njia ingine ya kulisha wale watoto. Tarehe 8 mwezi wa 4 mwaka wa 1975, mu teatre ya Bobino, alifungua muchezo wenye kueleza miaka 50 tangu alifika Paris. Alikuwa na miaka 68, na alibadilisha nguo na nyimbo mupaka watu wakasimama wote. Magazeti yalimusifu. Siku mbili kisha pale walimukuta ku kitanda hajijui, magazeti kando yake; damu ilikuwa imevuja ku bongo. Alikufa tarehe 12. Mazishi yalipita ku kanisa la Madeleine, na jeshi la Ufaransa likamupa heshima zake. Alizikwa Monaco.

Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka wa 2021, siku yenye kufanana na ile ya ndoa yake na Jean Lion, jina lake liliingia mu Panthéon, fasi ambapo Ufaransa inatia wakubwa wake. Ni mwanamuke wa sita, na mwanamuke mweusi wa kwanza. Mweusi wa kwanza kabisa kuingia pale alikuwa Félix Éboué, mu 1949, ule gavana mwenye mu 1940 alikataa Wajerumani na kusimamia Afrika ya Ufaransa kutoka Brazzaville, ngambo tu ya muto kwa Kinshasa. Sanduku la Josephine, lenye kubebwa na maaskari wa jeshi la anga, halikukuwa na mwili ndani. Familia ilitaka abaki Monaco. Walitia udongo wa fasi ine: Saint Louis, Paris, Milandes na Monaco. Na kituo cha metro kenye kuwa karibu na Bobino, fasi alicheza mara ya mwisho, kinaitwa sasa Gaîté – Joséphine Baker.